Darizi ya kanvasi imepinda kama andazi, na nataka kuishona kwenye kikapu. Nianzie wapi?

KoroshoNyekundu (Jumapili, saa 2:14 usiku)

Wadau, habari za jioni.

Naomba msaada kabla sijaharibu kazi ya miezi mitano. Mwaka jana dada yangu aliye Uingereza aliniletea kipande cha kanvasi ya kudarizia. Si ile ya mahema. Hii ni ngumu, ina matundu kama wavu wa dirishani, matundu 13 kwa inchi, na kazi yako ni kujaza kila tundu kwa uzi mpaka kanvasi yenyewe isionekane. Haikuja na mchoro. Nikachukua kanga ya marehemu mama, nikahesabu korosho za pembeni mstari kwa mstari kwenye daftari la hesabu la mwanangu, nikazihamishia kwenye kanvasi. Korosho mbili nyekundu zinatazamana, nyuma yake rangi ya maziwa, na chini nimeandika jina la kanga yenyewe: WEMA HAUOZI.

Kwa wanaopenda hesabu: sentimita 20 kwa 15, mishono kama 7,800. Nimeidarizi kwenye daladala, kwenye foleni ya hospitali, na kwenye kikao cha wazazi kilichoanza saa mbili nzima baada ya muda uliopangwa.

Sasa shida. Ya kwanza, nilianza na mstatili nimemaliza na andazi. Upande wa juu umekimbilia kulia kwa sentimita mbili na nusu.

Ya pili, nataka ikae kwenye kikapu changu cha ukindu, kile cha sokoni na cha shughuli. Kina mikono mirefu ya ngozi, ndani hakina bitana. Jirani ananiambia nipake gundi ya viatu, nigandamize kwa tofali usiku kucha, asubuhi naenda nacho sokoni. Fundi mmoja niliyempelekea aliigeuza geuza, akaipitisha kwenye cherehani pembeni "ajaribu", sindano ikavunjika na nyuzi tatu za kanvasi zikakatika. Nikainyakua nikaondoka.

Nianzie wapi? Nipo Tanga, na mvua ndiyo hii.

KaaLaPwani

Uzi kuhusu uzi. Navuta mkeka.

FundiMakochi

Dada, hiyo gundi iweke mbali hata isiione darizi yako.

Mimi kazi yangu makochi, miaka kumi na saba sasa. Gundi ya viatu ni ya ngozi kwa ngozi, mpira kwa ngozi. Kanvasi yako ni matundu matupu. Ukigandamiza kwa tofali gundi haina pa kwenda ila kupanda juu kupitia hayo matundu, na ile gundi ni ya rangi ya kahawia. Ile rangi ya maziwa itakuwa rangi ya chai. Halafu kikapu kinapinda kila ukikinyanyua, na kila kikipinda kinaivuta gundi. Baada ya mwezi kona ya kwanza inabanduka, na upande wa nyuma umeshajaa gundi, hata ukitaka kushona sindano inapita kwa shida.

Hizo nyuzi tatu zilizokatika ziko wapi? Ndani ya darizi au kwenye ukingo mtupu? Na ukingo umeacha kiasi gani?

MzeeWaGundi

Mafundi wa makochi na dharau zenu. Nabandika mabegi tangu 2009 na watu wanarudi.

FundiMakochi

MzeeWaGundi alisema: "watu wanarudi"

Wanarudi kubandikiwa tena, mkuu.

KaaLaPwani

😂😂😂 Mkeka haukai bure.

KoroshoNyekundu

Fundi, asante. Zilizokatika ziko kwenye ukingo mtupu, kama sentimita mbili kutoka mshono wa mwisho. Ukingo niliacha sentimita nne kila upande.

FundiMakochi

Basi una bahati. Zingekatika ndani ungelazimika kuweka kipande kidogo cha kanvasi nyuma, matundu yakutane na matundu, ndipo udarizi upya ukipitisha sindano kwenye tabaka zote mbili. Kwenye ukingo haina neno, tutakunja.

BibiSayansiKimu

KoroshoNyekundu, mwanangu, hongera kwa kazi. Nimefundisha sayansi kimu shule za msingi mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilikuwa na andazi lako darasani, isipokuwa sisi tulidarizi juu ya kitambaa cha gunia.

Kwanza ujue kwa nini imepinda, maana usipojua utainyoosha na ijayo utaipinda tena. Kila mshono wako unalala mshazari, kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Mmoja hauna nguvu. Elfu saba na mia nane zote zikivuta upande mmoja, kanvasi inakubali. Kama ulikuwa unakwenda mstari mmoja mmoja kulia na kushoto, ukiwa umeishika mkononi bila fremu, na mkono wenyewe mzito, hapo ndipo inapopinda zaidi. Ipo njia nyingine ya kujaza eneo, unashuka na kupanda kwa mshazari, mbele inaonekana ileile lakini nyuma inatoka kama ukili uliosukwa. Hiyo haipindi sana, kwa sababu nyuma nyuzi zinapishana na kuzuiana. Geuza kazi yako utazame nyuma. Unaona mistari imelala au unaona ukili?

Kunyoosha kwenyewe si kugumu. Kanvasi ni ngumu kwa sababu kiwandani wameitia ugumu, kama wanga kwenye kola. Ukiilowesha kidogo ule ugumu unalegea. Unaivuta kona kwa kona, upande uliokimbilia ndani, unaipigilia pini kwenye ubao laini, na ikikauka inashika umbo jipya. Pini ziwe zisizoshika kutu, na zipite kwenye ukingo mtupu, si kwenye darizi. Kupima pembe tumia kigae cha sakafu, kile cha 30 kwa 30. Hakuna kitu nyumbani kilichonyooka kuliko kigae. Iache kivulini siku nzima au mbili, na kwa mvua za Tanga sasa hivi labda tatu. Usiibandue ikiwa bado na ubaridi ndani, itarudi ilikotoka.

Lakini kabla ya tone la maji, niambie mambo mawili. Uzi ni wa namna gani, na herufi ulizichora kwa nini?

KoroshoNyekundu

Shikamoo bibi. Nimegeuza, ni mistari imelala. Yote. Ukili hakuna hata kidogo.

Uzi ni ule wa kufumia masweta, wa dukani, si manyoya ya kondoo. Herufi na zile korosho nilizichora kwa maka peni ya mwanangu, nyeusi.

BibiSayansiKimu

Marahaba. Hapo kwenye maka peni ndipo nilipokuwa napaogopa.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, kikamue, kibandike nyuma ya herufi moja tu kwa dakika tano. Kisha uje utuambie.

Na pasi usiiguse. Uzi wa sweta wa dukani mwingi ni wa plastiki ndani, pasi ya moto inaulaza chini na haunyanyuki tena.

MtangaUghaibuni

Salamu kutoka Southampton. Nimefurahi kuona korosho humu.

Huku hii kazi ni ya zamani sana. Ukienda kanisa kuu la Winchester, ambalo ni karibu na ninapokaa, kuna mito ya kupigia magoti na ya kukalia iliyodariziwa kwenye kanvasi na kikundi cha wanawake wakiongozwa na Louisa Pesel, walianza mwaka 1931. Nimeigusa kwa mkono wangu (usimwambie mtu). Watu wameipigia magoti miaka tisini na bado korosho zao, yaani maua yao, yanasomeka. Kwa hiyo wanaosema darizi ya kanvasi ni ya kutundika ukutani tu wasikubabaishe. Mishono iliyojaa vizuri ina nguvu sana.

Ila wengi huku hawamalizii wenyewe. Kuna watu kazi yao ni kumalizia tu, unampelekea na kusubiri miezi, na bei yake inaweza kuzidi ya kanvasi na nyuzi. Wengine wananunua mkoba wa ngozi uliokwishatengenezwa na nafasi ya kuingiza darizi, wanachomeka, basi. Wewe unaifanya yote kwa mkono wako na fundi makochi wa bure mtandaoni. Jihesabu tajiri.

KoroshoNyekundu (Jumatatu, saa 4:40 asubuhi)

Bibi, nimefanya kama ulivyosema.

Kitambaa kimetoka na herufi M, rangi ya zambarau iliyofifia. Nimekaa chini.

KaaLaPwani

Pole sana dada. Hapa sina utani.

BibiSayansiKimu

Usikae chini, simama. Umeharibu kitambaa cheupe tu, darizi haijaguswa mbele. Wangapi wanalowesha kwanza ndipo wanauliza? Wino ule ungepanda kwenye ile rangi ya maziwa na usingetoka.

Mimi ningetumia mvuke kidogo sana. Birika lichemke, uipitishe juu kwa mbali, uvute, upigilie pini.

FundiMakochi

Bibi, kwa heshima zote nakataa. Mvuke nao ni maji. Wino uliotoka kwa kitambaa kilichokamuliwa utatoka kwa mvuke, na safari hii utatoka mbele.

Dada, nyoosha kavu. Ni kazi zaidi na haitanyooka yote, lakini wino hautembei. Fanya hivi: shika kona mbili za mshazari ulio mfupi, yaani zile zilizosogeleana, vuta taratibu kama unavyonyoosha shuka na mwenzio. Usipige kwa nguvu mara moja. Vuta, pumzika, vuta. Mara ishirini, thelathini. Kisha pigilia kwenye ubao ukiwa umeivuta kupita kidogo ya pale unapotaka, iache siku mbili, bandua, rudia. Ulipokuwa na sentimita mbili na nusu utabaki na nusu sentimita au sentimita moja.

Hiyo iliyobaki hatuinyooshi, tunaifungia. Ukishavuta, unaishona juu ya kipande cha drili, kile kitambaa kigumu cha pamba, au turubai jepesi, kilichokatwa kwa pembe kamili. Drili ndiyo inayoshikilia umbo, darizi inatulia juu yake kama ngozi kwenye fremu ya kochi. Kochi lolote ulilokalia, kitambaa chake peke yake hakijui pembe. Anayejua pembe ni mbao.

BibiSayansiKimu

Fundi, nimekubali hoja ya mvuke. Turubai lifuliwe kwanza linywee lote, lisije likanywea baadaye likiwa limeshikana na darizi.

MzeeWaGundi

Naruhusiwa kusema?

FundiMakochi

Sema mkuu.

MzeeWaGundi

Ukingo wa kanvasi ukikatwa unafumuka wenyewe, uzi mmoja mmoja, nimeona. Kabla ya kukata, pitisha gundi nyeupe ya shule, ile ya maji, mstari mwembamba kwenye ukingo mtupu, mbali na darizi. Ikauke kabisa. Ndipo ukate. Hautafumuka. Hiyo gundi nyeupe si ile ya viatu, na hapa sidhani mtu atanipinga.

FundiMakochi

Hapo sikupingi. Ila iwe nzito, si ya kumiminika, kwa sababu ya ule wino.

MsukaUkili

Habarini. Mnaongelea darizi tu, kikapu hakuna aliyekiuliza hali yake.

Mimi nasuka, Pemba. Ukindu mkavu ukiuchoma sindano unapasuka kwa urefu, na ukipasuka hapo mbele hauzibiki. Watu wanabandika maua, ngozi, vioo kwenye vikapu vyetu, baada ya miezi miwili wanasema kikapu kibovu. Kikapu hakikuwa kibovu, kimetobolewa.

Mambo matatu. Moja, usichome jani, pitisha sindano kati ya jani na jani, pale ukili unapopishana. Tumia shazia, ile sindano nene, iliyofubaa ncha, itafute njia yenyewe badala ya kuikata. Mbili, kilegeze kikapu kwanza, kipanguse kwa kitambaa chenye maji, ukindu uliolegea unapisha sindano. Tatu, usipime mahali pa kuweka kikiwa kitupu. Kijaze nguo mpaka kikae kama kikiwa na mzigo, ndipo uweke alama. Kikapu kitupu na kikapu kilichojaa ni vikapu viwili.

KoroshoNyekundu

Msuka, asante sana, lakini sasa mmenichanganya. Wewe unasema nikiloweshe kikapu, na wale wanasema darizi isione maji.

MsukaUkili

Hivyo usiwakutanishe. Shona lile turubai peke yake kwenye kikapu kikiwa kimelegea. Acha kikauke siku mbili tatu. Kikishakauka, darizi unaishona juu ya turubai. Sindano ya darizi haitagusa ukindu hata mara moja.

FundiMakochi

Aisee. Miaka kumi na saba na hilo sikulifikiria. Dada, fanya la Msuka. Turubai liwe mara mbili basi: kipande kimoja kinakaa kwenye kikapu, kingine kinakaa nyuma ya darizi, unavishona kimoja juu ya kingine. Faida nyingine, siku kikapu kikichoka unafumua darizi nzima na kuihamishia kingine bila kuidhuru.

Kiondo254

Salamu kutoka Machakos. Huku kwetu kiondo cha katani hatuloweshi, katani inapisha sindano ikiwa kavu. Lakini hiyo ya kuweka kitambaa kwanza halafu pambo juu tunafanya pia, hasa tukitia ngozi mdomoni.

Swali langu ni lingine. Dada, jina la leso kuweka kwenye mkoba mnaona sawa huko? Nyanyangu wa Mombasa angesema leso inavaliwa, jina linasemwa na mwili.

KoroshoNyekundu

Kiondo254, hata mimi nililifikiria. Ila hii kanga mama aliivaa mpaka mji wake, pale katikati, ukatoboka, jina tu ndilo lililobaki zima. Sikuweza kuikata. Nikaona niinakili.

Kiondo254

Basi nyanya angekubali.

FundiMakochi (Jumanne, saa 3:05 usiku)

Nimepata nafasi, naandika yote mara moja ili dada asikimbizane na vipande.

Ukishanyoosha na gundi nyeupe ya ukingo imekauka, kata ukingo ubaki sentimita moja na nusu. Usipunguze zaidi. Hizo nyuzi tatu zilizokatika zitaondoka zenyewe kwa sababu ziko sentimita mbili. Kona zikate mshazari, lakini acha kama milimita tatu kati ya mkasi na mshono wa mwisho. Kanvasi si kitenge, ukiikata karibu inakuja yote.

Kabla ya kukunja, ongeza mistari miwili ya mishono kuzunguka pande zote kwa rangi ya maziwa. Wengi wanaruka hapa na ndipo inapoonekana kazi ya haraka. Ukikunja kanvasi kwenye mstari wa mwisho kabisa, mgongo wa mkunjo unaonyesha kanvasi nyeupe tupu, kama meno. Ukiwa na mistari miwili ya ziada, mkunjo wenyewe unakuwa na uzi juu yake.

Kunja ukingo nyuma, ushikize kwa uzi imara kwenye mgongo wa mishono, sindano isitokee mbele. Vaa subana, ile kofia ya kidole, vidole vyako utavihitaji kesho. Weka turubai la pili nyuma, lipindwe ukingo wake ndani, lishone kuzunguka.

Sasa kuunganisha na lile la kwenye kikapu. Piga bandi kwanza: mistari miwili mirefu inayopishana katikati kama msalaba, ili isitembee ukiwa unashona pembeni. Kisha tumia sindano ya kupinda, sisi tunayoshonea migongo ya makochi, inauzwa kwa wauza vifaa vya makochi. Iliyonyooka itakusumbua, maana upande wa pili ni kikapu na mkono hauingii vizuri. Mshono ni ule wa kujificha: unachukua kidogo kwenye mkunjo wa darizi, kidogo kwenye turubai, milimita tatu tatu, kisha unavuta uzi unazama. Uzi uwe wa nailoni au wa viatu. Wa nguo utakatika kwa uzito wa muhogo.

Anza katikati ya kila upande uelekee kona, usianze konani. Ukianza konani, kasoro yote ya kuvuta inakusanyika kwenye kona ya mwisho, na hapo utaona uvimbe mpaka siku ya mwisho wa kikapu.

BibiSayansiKimu

Nyongeza ya bibi. Ule mpaka kati ya darizi na kikapu utaonekana hata ukishona vipi. Funika kwa kamba ya kusokota ya uzi uleule mwekundu. Mzunguko wako ni sentimita 70, ukiongeza mistari miwili pembeni tuseme 72, na kumi za kufungia mwisho. Kwa hiyo kata nyuzi zenye urefu mara tatu ya hapo, kama mita mbili na nusu, nyuzi nne. Funga ncha moja kitasani, nyingine kwenye penseli, zungusha penseli mpaka uzi uanze kujikunja wenyewe. Hapo kunja katikati na uachie, utajisokota. Mwambie mwanao ashike katikati. Watoto wanaipenda hiyo kuliko kazi yote nyingine.

KaaLaPwani

Nimekuja kucheka, nimejikuta nimefunga uzi kitasani. Mke wangu ananiuliza nimerogwa na nani.

KoroshoNyekundu (siku 19 baadaye)

Wadau, nimerudi.

Nimenyoosha kavu mara nne. Kwenye ubao iliishia kubaki na milimita saba. Mara ya tatu nilitaka kulala juu yake. Siri niliyoigundua, kama yupo mwingine mwenye andazi: kuvuta asubuhi ilikuwa rahisi kuliko jioni. Nadhani hewa ya usiku inailegeza kidogo bila kuwa maji. Fundi atanisahihisha.

Turubai la kwanza nimelishona kwenye kikapu kilicholegezwa kama Msuka alivyosema. Nilichoma jani mara mbili, nikasikia kabisa linapasuka, tii. Mara nyingine zote shazia ilipata njia. Kilikauka siku tatu. Ile hatua ya mistari miwili ya ziada, FundiMakochi, nilikuchukia usiku mzima, lakini ulikuwa na haki.

Kona ya chini kulia ina uvimbe. Nilianza konani kwa upande huo. Nilisahau.

Kamba nilisokota na mwanangu. Ilijikunja ikamnasa kidole akacheka mpaka akaishiwa pumzi.

Picha nimeweka hapo chini. Ile M haijatoa rangi mbele.

MzeeWaGundi

Kazi nzuri dada. Gundi nyeupe ilishika?

KoroshoNyekundu

Ilishika vizuri mzee. Hakuna hata uzi mmoja uliofumuka.

BibiSayansiKimu

Mwanangu, nimeikuza picha mpaka mwisho. Uvimbe upo, ila mpaka mtu aambiwe. Usiifumue.

FundiMakochi

Inapendeza. Asubuhi na jioni hilo nalo sikulijua, nitalijaribu.

MsukaUkili

Majani mawili siyo mengi. Yapake mafuta kidogo ya nazi pale yalipopasuka yasiendelee.

KoroshoNyekundu (siku 3 baadaye)

Nimeenda nacho sokoni leo kwa mara ya kwanza, na kuna jambo hakuna kati yetu aliyeliona.

Mikono ya kikapu ni mirefu, nakitundika bega la kulia. Nikikitundika, kiwiko changu kinakaa juu ya nusu ya nyuma ya darizi. Kinafunika WEMA. Anayekuja mbele yangu anasoma neno moja tu: HAUOZI.

Muuza mihogo amelisoma kwa sauti, akaangalia mihogo yake, akaniangalia mimi. "Mama, ni muhogo upi huo usiooza? Nipatie mbegu."

KaaLaPwani

😂😂😂😂 Narudisha mkeka.

Kiondo254

Badilisha bega.

KoroshoNyekundu

Nimejaribu mbele ya kioo. Kushoto linabaki WEMA, HAUOZI linaingia kwapani.

BibiSayansiKimu

Basi sokoni kibebe kulia, harusini kibebe kushoto.

FundiMakochi

Au fupisha mikono sentimita kumi kikae mkononi badala ya begani. Nenda kwa fundi viatu, matundu mawili na misumari ya shaba, robo saa. Ila mwambie asiguse darizi.